Mashapo ya alizeti ni mali

Mwananchi akichukua pakiti ya biskuti, kopo la maziwa ya unga au kipande cha chokoleti, akasoma maandishi madogo yaliyo mgongoni, mara nyingi ataona neno lesithini, au namba 322 tu. Wengi wetu huyapita maandishi hayo. Hata watumishi wa umma na walimu, ambao kusoma ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, nao huyapita. Lakini nyuma ya namba hiyo ipo biashara kubwa ya kimataifa, na katika biashara hiyo Tanzania imekaa upande wa wanunuzi, ilhali malighafi yake inamwagwa hapa hapa nchini.

Lesithini ni mafuta ya aina ya pekee yenye fosforasi ndani yake. Upande mmoja hushikamana na maji, upande wa pili hushikamana na mafuta, na kwa hiyo huvipatanisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja. Mfaransa Theodore Gobley ndiye aliyeitenga kutoka katika kiini cha yai katika miaka ya 1840, na jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo ya kiini cha yai. Kila apikaye keki anaijua kazi yake, ingawa huenda hajui jina lake. Katika chokoleti, kiasi kisichofikia nusu kilo kwa kila kilo 100 chatosha kuifanya itiririke vizuri, na kumwokolea mwenye kiwanda siagi ya kakao ambayo ni ghali. Katika maziwa ya unga husaidia unga uingie majini bila kufanya madonge.

Mayai hayangeweza kuvitosheleza viwanda. Katika miaka ya 1920, huko Hamburg, wakamuaji wa soya walikuwa wakisumbuliwa na tope zito lililotuama ndani ya mafuta, likichacha na kunuka. Hermann Bollmann alibuni njia ya kulitenga na kulikausha, na kero ile ikageuka bidhaa. Hadi leo sehemu kubwa ya lesithini ya dunia hutokana na soya, na nchi zinazolima soya kwa wingi, yaani Marekani, Brazil na Argentina, ndizo zenye sauti katika soko hilo.

Sasa tuangalie nyumbani. Mikoa ya Singida na Dodoma ni mikoa ya alizeti. Aliyepita barabara kuu ya kati ameona madumu na chupa za mafuta zilizopangwa kando ya njia. Mafuta hayo yakikaa katika pipa, chini hutuama mashapo ya rangi ya kahawia. Mkamuaji huyachuja akayamwaga, maana mteja hayataki. Ndani ya mashapo hayo, pamoja na uchafu mwingine, imo lesithini. Mashudu nayo yalipata kudharauliwa, na leo ni chakula cha mifugo kinachouzwa hadi nje ya nchi.

Hatusemi kwamba kila mwenye mashine ndogo ya kukamua aanze kutengeneza lesithini. Huo ungekuwa udanganyifu. Katika kilo 100 za mafuta ghafi ya alizeti, lesithini haizidi sana kilo moja, na mara nyingi haifiki hapo. Ili kuipata ni lazima mafuta yachanganywe na maji ya moto kidogo, lesithini inywe maji hayo iwe nzito, kisha itengwe kwa mashine izungukayo kwa kasi. Ikishatengwa haingoji: katika joto letu huanza kuharibika upesi, na hapana budi ikaushwe mara moja katika chombo kilichoondolewa hewa. Hii ni kazi ya viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta. Na penye kiwanda kinachosafisha alizeti kwa kutumia asidi na magadi tu, lesithini haipatikani tena. Huishia katika mabaki yanayopelekwa kutengenezea sabuni.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa kulima wenyewe. Mafuta ya mawese tunayoagiza kutoka Malaysia na Indonesia karibu hayana lesithini kabisa. Anayeyasafisha hapa nchini hapati mashapo ya kukausha. Kila tani ya alizeti iliyokosa kulimwa kwa sababu bei imeanguka, kama ilivyoanguka mwaka 2023 na kuwavunja moyo wakulima wengi wa mikoa ya kati, huondoka na mafuta yake, mashudu yake, na lesithini yake pia. Wanaopanga ushuru wa mafuta yatokayo nje yafaa wayaweke yote matatu katika hesabu zao.

Soko lipo. Nchi za Ulaya zilipotunga sheria mwaka 2003 ya kutaka kila chakula kilichotokana na mazao yaliyobadilishwa vinasaba kiandikwe hivyo, wenye viwanda huko walianza kuikimbia soya ya Amerika. Alizeti iliyobadilishwa vinasaba hailimwi kibiashara popote duniani. Zaidi ya hayo, soya ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watu, na sheria za nchi nyingi zinataka itajwe waziwazi. Alizeti haimo katika orodha hizo. Ukraine ilikuwa tegemeo kubwa la lesithini ya alizeti, na vita vilipolipuka mwaka 2022 wanunuzi waliona hatari ya kutegemea mlango mmoja.

Lakini soko hilo halinunui kwa maneno. Vipimo vya kimataifa vinataka angalau asilimia 60 ya lesithini iwe kitu kisichoyeyuka katika asetoni, unyevu usizidi asilimia 2, na uchachu usipite kiwango kilichowekwa. Mwalimu wa kemia wa sekondari ataona mara moja kwamba vipimo hivi si miujiza. Kilicho kigumu zaidi ni kuthibitisha asili. Mfanyabiashara mjanja aweza kuuza ya soya kwa jina la alizeti, kwa kuwa zinafanana machoni. Maabara huzitofautisha kwa asidi ya linoleniki, ambayo soya inayo na alizeti karibu haina. Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, halina budi kuwa tayari kwa kazi hiyo, na liwabane waagizaji wanaoandika namba 322 bila kusema imetokana na nini. Mzazi ambaye mtoto wake hudhurika kwa soya ana haki ya kujua.

Kuna jambo jingine dogo ambalo maofisa wa biashara watalielewa. Katika orodha ya ushuru wa forodha, lesithini haimo pamoja na mafuta wala vyakula. Imewekwa katika Sura ya 29, miongoni mwa kemikali, namba 2923.20. Anayetafuta katika vitabu vya chakula kiasi tunachoagiza hataona kitu, na pengine ndiyo sababu jambo hili halijapata kujadiliwa.

Tunaitaka Wizara ya Viwanda na Biashara itoe hadharani hesabu za namba hiyo kwa miaka 5 iliyopita: kilo ngapi, kutoka wapi, na kwa fedha za kigeni kiasi gani. Tunalitaka Shirika la TIRDO, lililoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa namna hii hasa, lichukue mashapo kutoka viwanda vya Singida katika msimu ujao wa mavuno, liyapime, na liwaambie wenye viwanda kama kifaa cha kukaushia kitarudisha gharama yake au hakitarudisha. Ikiwa jibu ni hapana, tuambiwe hivyo kwa takwimu.