KIFUTU HANA HABARI NA KAMERA

Leo nina neno na vijana wa Rau, pale Moshi, na wenzao wa Kiborloni, Majengo na Njoro. Hasa wewe ambaye ukiona nyoka kichakani, cha kwanza unatafuta kijiti chenye panda, cha pili unamkabidhi mshikaji simu: "Nirekodi!"

Aisee, najua ugonjwa huo umeupata wapi. Ni kwenye luninga. Jamaa kavaa kaptula ya kaki, anamrukia mamba mgongoni, anamwinua nyoka mkia huku anacheka. Wewe uliyekaa kwenye kochi unaona ni kama kukamata kuku wa Krismasi.

Steve Irwin wa Australia ndiye aliyetuchanganya wengi, na kusema kweli jamaa alikuwa bomba. Lakini Septemba 4, 2006, akiwa kwenye kazi ya kurekodi baharini kwao, alichomwa kifuani na mwiba wa taa, akafa. Miaka 44 tu. Siyo mamba wala koboko. Taa, samaki ambaye watu wa Pwani wanamlia ugali!

Turudi jirani. Ng'ambo ya mlima wetu, upande wa Kenya, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima. Maji yake ni kama kioo, viboko na mamba wamo. Humo ndimo walimozama na kamera mtu na mkewe, Alan na Joan Root, ili dunia ione kiboko anavyotembea chini ya maji. Mwaka 1974 dume moja likawacharukia. Joan alivunjiwa miwani ya kuzamia akiwa ameivaa usoni. Alan alitobolewa mguu kwa jino, akakimbizwa hospitali.

Na huyo Alan mwili wake ulikuwa daftari la wanyama. Chui alimng'ata makalio, gorila akamng'ata paja, na kifutu alimgonga kidole mpaka kikakatwa. Ndio hao hao waliokuwa wa kwanza kupita juu ya Kilimanjaro kwa puto, miaka ya sabini. Alan alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 80.

Sasa nisikilize vizuri. Unajua filamu yake iliyofika mpaka kugombea Oscar ilihusu nini? Siyo kiboko wala chui. Mchwa! Filamu ya mwaka 1978 kuhusu kichuguu, kazi ya kukaa na kusubiri. Vidonda vilimpa stori za kijiweni, subira ndiyo iliyompa jina.

Wewe wa Rau una bahati. Hatua chache tu kutoka mjini unao msitu wa Rau, hekta kama 570, unaonyweshwa na maji ya chini ya ardhi. Kuna mti wa msoo, mrefu na adimu. Kuna mbega wenye manyoya meusi na meupe, wanaruka kama wamevaa majoho. Ukipanda juu mlimani yuko perere anayepiga makelele usiku, na yuko minde, paa mwenye aibu anayepatikana Tanzania peke yake. Kumpata minde kwenye picha ni kazi ya kidume kweli, na wala humgusi!

Kifutu siyo adimu, kaka. Yupo shambani na kwenye majani kando ya njia. Hakimbii, analala kimya kama gogo, halafu anagonga kabla hujapepesa macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa kugongwa na nyoka, na wengi zaidi wanabaki na vilema.

Akikugonga, usichanje na wembe, usinyonye, usikaze kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka liache kabatini. Vua pete na saa kabla hujavimba. Tuliza mguu au mkono, usikimbie, mwite mtu akupeleke hospitali haraka. Na nyoka mwache aende zake, daktari hahitaji kumwona.

Kama unataka kweli kuwa mtangazaji wa wanyama, jidamke Jumamosi, tafuta mtu anayeujua msitu, kaa chini ya msoo ukiwasubiri mbega. Rekodi hiyo, tutaitazama.

Haya, tukutane wiki ijayo, kila mtu na vidole vyake kumi.