Mlimani warejea Lindi, wazee wa Kusini wanasubiri kusikilizwa

UAMUZI wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kujenga kampasi ya masomo ya kilimo mkoani Lindi ni habari njema kwa wakazi wa Mitwero, Mingoyo, Kilwa na maeneo mengine ya mkoa huo, ambao kwa muda mrefu wamelazimika kuwapeleka vijana wao mbali kutafuta shahada. Hata hivyo, hii si mara ya kwanza kwa Mlimani kufika Kusini. Idara ya Historia ya chuo hicho ilitangulia kwa zaidi ya nusu karne, na hazina iliyokusanya huko haiwezi kupatikana tena.

Idara hiyo ilianza mwaka 1964 chini ya Profesa Terence Ranger, miaka mitatu baada ya Uhuru. Vitabu vingi vya wakati huo viliieleza Afrika kwa macho ya magavana, wamisionari na wavumbuzi. Wanahistoria wa Mlimani waliupinga mtazamo huo, wakasisitiza kuwa Mwafrika ndiye mtendaji mkuu katika historia yake. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania, na mwaka 1972 Walter Rodney, aliyekuwa mhadhiri hapo, alichapisha kitabu kilichompa umaarufu duniani, kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika.

Lakini kwa watu wa Kusini, kazi iliyo kubwa kuliko zote ni utafiti wa Vita vya Maji Maji uliofanyika mwaka 1968 na 1969. Wanafunzi walitawanyika katika maeneo yaliyopigana, wakaketi na wazee na kuandika waliyoyasikia. Gilbert Gwassa, aliyeshirikiana na John Iliffe kuchapisha kumbukumbu za vita hivyo, alikusanya simulizi za Umatumbi, wilayani Kilwa. Ni huko, katika kijiji cha Nandete, ambako Julai 1905 watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima, na vita vikaanza.

Utafiti huo ulifanyika kwa wakati hasa uliotakiwa. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka 78 mwaka 1968. Kama idara ingengoja miaka 20 zaidi, mashahidi karibu wote wangekuwa kaburini, na taifa lingebaki na majalada ya Wajerumani peke yake.

Tofauti ya vyanzo hivyo si ndogo. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo vya Waafrika wapatao 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wahanga wa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Aidha, simulizi za wazee zilionyesha kuwa watu hawakukurupushwa na ahadi ya dawa ya Kinjikitile Ngwale pekee. Walikuwa na sababu: kodi, viboko vya maakida na kazi za shuruti.

Kazi hiyo haikukosa kasoro. Watafiti waliofuata wameeleza kuwa wanahistoria wa miaka ya 1960, wakiwa na shauku ya kujenga taifa, waliona umoja hata pale palipokuwa na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na hawakuwapa wanawake nafasi waliyostahili. Lakini ukosoaji huo wenyewe umewezekana kwa sababu simulizi zilihifadhiwa, na kila kizazi kinaweza kuzisoma upya.

Sasa saa inakwenda tena. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga uliofika hadi Nachingwea na kusambaratika mwaka 1951, anakaribia miaka 90. Waliowaona wapiganaji wa FRELIMO wakifanya mazoezi Nachingwea, waliokata mkonge katika mashamba ya Lindi, na waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, nao wanapungua mwaka hadi mwaka.

Mtaala uliorekebishwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Somo hilo litahitaji simulizi za aina hiyo, katika lugha ambayo wazee hao wanaizungumza na wajukuu wao wanaisoma. Kampasi ya Lindi imekusudiwa kwa kilimo, lakini milango yake haizuii mwanahistoria mwenye daftari na kinasa sauti kuitumia kama kituo cha utafiti.

Mwaka 1968 Idara ya Historia haikungoja majengo Kusini ndipo iwafuate wazee. Itakuwa ajabu iwapo chuo kitasimamisha majengo Lindi, na wazee wa leo wakaondoka bila kuulizwa.