Uwakili si kupigilia suti tu!

Wiki hii safu imetua Lalago, wilayani Maswa, kwenye pamba. Nasema pamba za shambani, siyo zile mnazopigilia Jumamosi! Kijana wa HGL huku ukimuuliza anataka kuwa nani, hachelewi kukujibu: wakili. Ukimbana atakutajia Andrew Chenge, mtoto wa Bariadi aliyepita Mlimani, akatinga Harvard kule Marekani, akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 hadi 2005.

Sawa, lakini yule alikuwa mwanasheria wa Serikali. Mimi leo nina wakili wa madai, yule wa mpaka wa shamba, deni lisilolipwa na ng'ombe waliokula mtama wa jirani. Huyo ndiye Lalago inamhitaji.

Njia yake sasa, si lelemama. Shahada ya sheria ni miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Ukidhani umemaliza, ndiyo kwanza unapiga hodi Shule ya Sheria, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007. Pale ndipo watu walipoona rangi zote. Matokeo yaliyozua gumzo mwaka 2022 yalikuwa hivi: kati ya wanafunzi 633, waliopita moja kwa moja ni 26. Ndiyo, 26! Waliokula sapu 342, waliopigwa disko 265. Wizara ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Hebu mfikirie mzazi aliyeuza ng'ombe zizini kulipa ada, halafu anapelekewa habari za disko. Atajua ni muziki!

Ukivuka hapo, Jaji Mkuu anakuapisha. Hela je? Taratibu, kaka. Kwanza utabeba mafaili ya mkubwa wako, na utajifunza kuogopa kalenda kuliko unavyomwogopa hakimu. Maana madai yana ukomo: mkataba miaka 6, kukashifiwa miaka 3, kudai ardhi miaka 12. Mzee aliyenyamaza miaka 15 huku jirani akilima shamba lake, upande wa pili utaweka pingamizi, kesi itupwe kabla hata shahidi hajafungua mdomo. Hapo suti haisaidii kitu. Na hata ukishinda, bado kuna kukaza hukumu, yaani kumfanya aliyeshindwa atoe kweli.

Afadhali tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo mzee naye anasikia anavyotetewa. Zamani wasomi wangeweza kurushiana Kiingereza juu ya kichwa chake, yeye anatikisa kichwa tu.

Wewe wa HGL, kabla hujampelekea fundi kitambaa, panda gari hadi Maswa, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Kaa benchi la nyuma, usikilize kesi moja ya shamba mwanzo mpaka iahirishwe. Itaahirishwa tu!