Nani Amempa Leseni Muuza Kisu?



Iko hoja iliyozoeleka masokoni, nayo imeanza kusikika hata katika vikao vyetu vya parokia. Husemwa hivi: kisu si bunduki, hakihitaji kibali, anayetaka kununua anunue, na anayetaka kuuza auze. Tunakizungumzia kisu cha springi, kile ambacho ukibonyeza kitufe kwenye mpini ubapa huchomoka wenyewe. Hoja hiyo hutolewa na watu wenye heshima zao, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisoma sheria. Sisi tunaipinga.

Tukubali kwanza lililo kweli. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, ni sheria ya bunduki, bastola na risasi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ni mmojawapo wa watiaji saini wake, nayo inashughulikia silaha ndogo na silaha nyepesi zitumiazo risasi. Sisi wa Kigoma, tunaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, twajua kwa nini jitihada hizo zilihitajika. Lakini macho yote yameelekezwa kwenye mtutu. Kisu kimeachiwa Kanuni ya Adhabu, ambayo haiulizi kisu kiliuzwa na nani, bali kimetumikaje. Anayetembea na silaha hadharani pasipo sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ametenda kosa, na silaha yake yaweza kutaifishwa.

Hapo ndipo wapenda hoja ile wanapoishia kusoma. Laiti wangefungua kurasa za mbele, hadi kifungu cha 287A! Mtu aibaye, akiwa na silaha yoyote ya hatari au chombo cha kudhuru, akamtishia au kumpiga mwenye mali ili aipate au asinyang'anywe, huhesabiwa kuwa amefanya unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria haikusema bunduki. Imesema silaha yoyote ya hatari, na kisu kimo. Kijana wa miaka 19 aliyemfyatulia mwenzake kisu gizani, pale Mwanga, akamnyang'anya simu, hupewa kifungo kilekile cha jambazi aliyesimamisha basi kwa bunduki ya kivita katika njia ya Kasulu na Kibondo. Hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo, hata akimwonea huruma. Kijana huyo akiingia gerezani leo, atatoka akiwa na miaka 49.

Na aliyemuuzia kisu? Huyo amekunja mkeka wake jioni, amehesabu fedha zake, na kesho atarudi palepale. Sheria inayomtoza mnunuzi miaka 30 na kumwacha muuzaji bila hata swali moja ina upungufu, na kuutaja upungufu huo ni wajibu wetu.

Tutaambiwa: mbona panga limeua watu wengi zaidi? Ni kweli, na hakuna mahali ambapo maneno hayo yanauma kama hapa. Rwanda mwaka 1994 panga na rungu vilifanya kazi ya maangamizi, na mapanga mengi yalikuwa yameingizwa nchini humo kwa karatasi halali, kama zana za kilimo. Lakini panga lina asubuhi yake. Mkulima wa michikichi hawezi kusafisha shamba bila panga. Mama anayepasua migebuka kule Kibirizi au Ujiji hawezi kazi bila kisu. Mvuvi asiye na kisu cha kukata kamba nyavu zikinasa yumo hatarini. Vyombo hivyo huonekana. Hubebwa mkononi au katika ala, na kila mtu ajua vinakwenda wapi. Kisu cha springi hufichwa kiganjani mpaka dakika ya kutumika. Tumeelezwa kwamba humfaa mtu ambaye mkono wake mmoja umeshika kazi. Labda. Ila mvuvi wetu kwa miaka yote amechomoa kisu chake kutoka kwenye ala kwa mkono mmoja, na ala haina springi ya kujaa mchanga na magamba.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni geni duniani. Uingereza ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza visu hivyo mwaka 1959. Kuwa nacho nyumbani hakukukatazwa mpaka mwaka 2021. Yaani walianza na muuzaji. Marekani nayo, mwaka 1958, ilizuia biashara yake kati ya jimbo na jimbo. Lakini jimbo la New York liliandama mifuko ya watu kwa sheria ya kisu kinachofunguka kwa kutikiswa mkono. Waliokamatwa, wengi wao walikuwa Weusi na Walatini, na wengine mafundi waliobeba visu vya kazi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019.

Hilo la New York tulitazame sana. Tukisema tu "visu vipigwe marufuku", tutaletewa misako: vijana wa bodaboda watapekuliwa, wachukuzi wa mwaloni watalazwa chini, na mkimbizi wa Nyarugusu atakuwa wa kwanza kushukiwa, kama ilivyo desturi mbaya yetu. Hatutaki hivyo. Tunataka muuzaji aulizwe kabla ya mnunuzi.

Njia zipo. Halmashauri hutoa leseni chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, Waziri akiridhia. Manispaa ya Kigoma Ujiji yaweza kuanza na marufuku ya kuuza kisu cha springi katika masoko yake, ikitaja wazi kwamba visu vya jikoni, vya uvuvi na vya shamba havihusiki. Marufuku ya kuviingiza nchini ni kazi ya Bunge, na mbunge anayo anwani.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya ndogondogo ilijadili jambo hili kabla ya kikao kijacho cha kata, iandike barua moja kwa diwani, dini yake iwe ipi, na kuwaalika ndugu zetu Waislamu wa mtaa kutia saini pamoja nasi. VIWAWA wasomewe kifungu cha 287A kwa sauti, mara mbili. Na muumini mwenye meza sokoni anayeviuza asingoje sheria ndogo. Aviondoe juma hili.