FISTULA SI KOSA LA MAMA

Imekuwa desturi ya baadhi ya viongozi na watumishi wa umma, kila inapofika tarehe 23 Mei, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula ya Uzazi, kuvaa fulana, kupanda jukwaani na kuwahimiza akina mama wa vijijini "wabadilike". Waache kujifungulia nyumbani, huambiwa, wawahi kliniki, waachane na imani potofu. Hotuba zikiisha magari hurudi mjini. Maneno hayo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba humtwika mgonjwa kosa ambalo si lake.

Fistula haitokani na uchawi, laana wala uzinzi. Mama anapokaa na uchungu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukigandamiza kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga, damu isipite, nyama ikafa. Siku chache baadaye tundu hutokea, na mkojo humtiririka usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwisha kufa. Na huyu aliyezika mtoto ndiye anayehamishiwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba kwa sababu ya harufu, huku mume akitafuta mke mwingine.

Wenye kupenda kuhubiri juu ya ujinga wa mwanamke wa kijijini wangefaa kusoma historia. Mwaka 1855 ilifunguliwa hospitali ya wanawake mjini New York iliyotibu maradhi haya haya. Daktari wake, J. Marion Sims, alikuwa amejifunza kushona tundu hilo huko Alabama katika miaka ya 1840 kwa kuwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu kati yao, Anarcha, Betsey na Lucy, yanajulikana hadi leo. Leo maradhi hayo karibu yametoweka Marekani na Ulaya. Je, yalitoweka kwa hotuba? Yalitoweka kwa sababu mama aliyekwama hufikishwa kwenye chumba cha upasuaji kabla nyama haijafa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulikusudia zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Majengo mengi yamesimama, na ni haki kujivunia. Lakini jengo halimpasui mama. Gari la wagonjwa lina mafuta? Mtaalamu wa usingizi yupo, au yuko semina? Barua ya rufaa iliandikwa saa ngapi, na mgonjwa aliondoka saa ngapi? Mtumishi anayemwambia mama mwenye uchungu wa siku ya pili "subiri kesho" ametenda kosa kubwa kuliko la bibi aliyemchemshia mizizi, kwa kuwa yeye amesomeshwa kwa jasho la wakulima.

Tena tiba ipo. Tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba lenyewe kwa kuacha mpira wa mkojo kibofuni kwa wiki kadhaa. Lililo kubwa au la siku nyingi hushonwa na bingwa, na mengi hufungwa kwa operesheni ya kwanza. Wapo ambao tundu hufungwa na bado mkojo huwatoka wakikohoa. Hao huhitaji mazoezi ya misuli ya nyonga, pengine operesheni nyingine, wala si kuambiwa kwamba wamekwisha pona. (Na wapo wazee, wenye kisukari na akina mama waliozaa mara nyingi, wanaotokwa na mkojo bila tundu lolote. Nao hunyamaza, hata maofisini, hali mazoezi, dawa na kwenda haja kwa ratiba huwasaidia wengi.)

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliwatibu wagonjwa wa fistula bila kuwatoza fedha, kisha ikabuni njia ya kuwatumia nauli kwa simu ya mkononi. Haikungoja mgonjwa aelimike. Ilitambua kwamba hana nauli. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo imetoka kwa wafadhili wa nje. Taifa lililotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 litaridhika vipi mshono wa mama zake utegemee huruma ya mgeni?

Walimu nao wasijitenge. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Mwalimu wa kijijini anamjua mwanamke ambaye haonekani tena kisimani wala msibani. Jina lake na lifikishwe kwa siri kwa mganga wa zahanati, si kwa wasengenyaji.

Nayo kila wilaya ifungue daftari la akina mama waliokwama katika uzazi: kijiji, saa ya kuita gari, saa ya gari kufika. Daftari hilo liwekwe mbele ya Kamati ya Siasa ya Wilaya pamoja na hesabu ya mafuta ya magari yote ya halmashauri, ili ionekane yalikwenda wapi.