Kadiri ya Boriti: Wasia kwa Watu wa Pwani

Mtu aliyepata kulala katika nyumba kongwe ya mawe huko Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, akajinyosha chali kitandani wakati wa adhuhuri jua la nje likichoma, hana budi amezitazama boriti zilizopangwa darini, moja kando ya nyingine, zimebeba mawe na chokaa tangu siku za babu wa babu zake. Na kama ni mtu wa kufikiri, yamkini amejiuliza kwa nini chumba kile ni kirefu ilhali upana wake ni haba, wala aghalabu haupiti dhiraa sita. Sababu si uchache wa kiwanja, wala si uchache wa mali, kwani wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa matajiri waliotia nakshi kutani na sahani za kaure katika zidaka zao. Sababu ni kwamba boriti ya mkoko, hata ikichaguliwa na fundi hodari, haiwezi kuvuka upana mkubwa zaidi ya huo ikastahimili uzito wa dari ya mawe. Basi msitu ulioota matopeni, mahali maji ya chumvi yanapojaa na kupwa, ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake, naye akaridhika na kipimo hicho, akaishi na kuzaa na kufa ndani yake.

Nimeanza na boriti kwa kuwa nakusudia kunena juu ya jambo ambalo siku hizi husemwa sana likatendwa kidogo, nalo ni nia ya pamoja ya watu wa mahali pamoja juu ya kheri yao na ya vizazi vitakavyowafuata. Hakuna mkutano wa mji usiotaja wajukuu, na hakuna kiongozi asiyewaombea dua; walakini kumtaja mjukuu ni kazi nyepesi kwa sababu mwenyewe hayupo barazani kutuuliza tumemwekea nini. Rai yangu ni kwamba nia ya mji haijawa nia mpaka ipewe kadiri, yaani mpaka watu wakubaliane kwa hiari yao watatwaa kiasi gani, wataacha kiasi gani, na nani atakayesimamia hesabu. Na kwamba fungu kubwa la urithi wa wajukuu wetu ni lile tulilokuwa na uwezo wa kulitwaa, tukazuia mikono.

Tusijisifu kwamba wazee wetu wote walikuwa na kadiri. Tangu zamani majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliteremka na kaskazi yakapakia boriti katika bandari za Lamu na maingilio ya Rufiji, zikahesabiwa korja kwa korja, ishirini ishirini, yakarejea na kusi kwenda kuezeka nyumba za nchi zisizo na miti. Ilikuwa biashara ya halali iliyolisha nyumba nyingi. Lakini aliyehesabu korja zinazotoka hakuhesabu miche inayorudi. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliitangaza mikoko kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na serikali huru ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Hata hivyo, kati ya tarehe hizo mbili, katika ghuba ya Gazi iliyo kusini ya Mombasa katika Kwale, sehemu kubwa za mikoko zilifyekwa katika miaka ya 1970 ili ziwe kuni za viwanda, ingawa msitu ulikuwa na mwenyewe katika vitabu vya sheria. Hapa pana fundisho la kwanza: tangazo la serikali ni jambo jema na la lazima, lakini halina macho ya kukesha, msitu hulindwa na mtu ambaye njia yake ya kila asubuhi inaupitia.

Aliyekaa karibu na pwani iliyofyekwa anajua hasara yake haikai mahali pamoja. Jua likipiga tope lisilo na kivuli, maji hukauka yakaacha chumvi, na ardhi ikaota weupe mahali palipokuwa na kijani. Mizizi iliyoshika mchanga ikioza, bahari huanza kumega ufuo kidogo kidogo, leo shina la mnazi, kesho ua la nyumba. Kamba na kaa hukosa maficho, na vifaranga vya samaki vilivyokuwa vikijificha baina ya mizizi hadi vipate nguvu ya kutoka nje huwa riziki ya wengine kabla ya kuwa riziki yetu. Mvuvi akirudi na dema tupu husema bahari imebadilika, naye ni mkweli; ila yamkini mabadiliko hayo yalianza siku shoka lilipoingia mkokoni, naye siku hiyo alinyamaza kwa kuwa yeye ni mtu wa bahari, si mtu wa miti.

Tangu mapema miaka ya 1990 wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, pamoja na wanakijiji, wakaanza kupanda upya ghuba ya Gazi, kwa kuwa mahali pengine msitu haukuweza kurudi wenyewe. Nataka msomaji ayatazame kwa karibu maumbile ya mti huu. Mkoko hautupi mbegu yake ardhini ikajitafutie maisha, bali huilea mwilini mwake: tunda huchipua lingali limeshikana na tawi, likarefuka likawa kama mshumaa wa kijani unaoning'inia, na halidondoki mpaka limekuwa mche kamili wenye ncha ya kuchoma matope. Hapo likianguka maji yamekupwa, huweza kusimama papo hapo chini ya mama yake. Likianguka maji yamejaa, huelea mpaka pwani nyingine ikalipokea. Basi kazi ya mpandaji ni nyepesi kwa mkono na nzito kwa subira: huokota miche iliyopevuka, hungoja maji yapwe, huingia matopeni hadi magotini na leso imekazwa kiunoni, akachomeka mche mmoja baada ya mwingine kwa nafasi iliyopimwa, kisha akarudi nyumbani asione chochote cha kujivunia kwa muda mrefu.

Mwaka 2013 watu wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, walianza kazi waliyoiita Mikoko Pamoja, wakiahidi kulinda hekta 117 za msitu na kupanda palipo uwazi. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuizika katika matope kwa wingi kuliko misitu mingi ya bara iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Na kwa kuwa ulimwengu sasa una wanunuzi wa huduma hiyo, vijiji hivyo huuza takriban tani 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka bila kukata mti. Fedha zipatikanazo hupelekwa katika maji safi, katika shule na vitabu vya watoto, na katika kuutunza msitu wenyewe, na wanakijiji ndio wanaokutana kuamua kipi kitangulie. Wanawake wa Gazi nao wana njia yao ya mbao ipitayo ndani ya mikoko, mgeni hulipa akatembezwa. Mwaka 2017 kazi hii ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na jirani zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakashika njia iyo hiyo. Wala wakulima na wavuvi hawa hawakungoja kwanza wawe matajiri.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na insafu yataka niyajibu. Mtu atasema: wewe wanena habari za wajukuu, nami wanangu wanalia leo; mke wangu ataka kuni za jioni hii, nami nataka fito za kuziba ukuta kabla ya masika. Maneno haya hayajibiwi kwa mawaidha matupu, wala si haki mtu aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa habari za subira. Ndiyo maana kadiri njema haimwambii mtu asikate tu, bali humwonyesha atakata wapi; na huko Gazi mivinje ilipandwa nchi kavu ili iwe kuni na majengo badala ya mikoko. Kumkataza jirani bila kumpa badala ni kumfanya mwizi wa usiku katika msitu wa baba yake, na anayemfanya hivyo ni mshirika wa kosa.

Mwingine atasema kwamba biashara ya hewa ni ya wageni, bei yake hutungwa mbali, na siku mnunuzi akigeuza uso msitu utakuwa yatima. Hofu hii ni ya haki, nami nashiriki ndani yake. Fedha ya mgeni ni kama upepo wa msimu: nahodha mwenye akili huutwekea tanga ukivuma, lakini hajengi jahazi lisiloweza kukaa bandarini ukinyamaza. Mji ukilinda mikoko kwa sababu ya malipo tu, basi umeikodisha dhamiri yake, na mkodi akiondoka dhamiri huondoka naye. Yapasa nia itangulie malipo: tuilinde kwa kuwa ni ukuta wetu wa bahari na malezi ya samaki wetu, na malipo yakija yawe nyongeza ya kushukuriwa.

Na kwa jambo hili watu wa pwani hatuhitaji kuazima hikima, kwani tunayo katika wakfu. Mzee wa zamani alipoweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au kisima, asili ya mali ilizuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake yakaachwa yatumike mwaka baada ya mwaka. Nazi huangushwa, mnazi hubaki. Basi tuutazame msitu wa mikoko kwa jicho hilohilo, kama mali ambayo asili yake imefungwa na manufaa yake yamefunguliwa. Lakini tukumbuke pia jinsi nyakfu nyingi zilivyopotea: hazikuibwa zote na wageni, bali nyingine zilipotea mikononi mwa wasimamizi wasioulizwa, mipaka ikasahauliwa, mashahidi wakafa, na hati ikaliwa na mchwa sandukuni. Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari, nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa mbele ya watu ni sawa na lisilokuwapo.

Kwa hiyo nawausia watu wa miji na vijiji vyetu, kuanzia Lamu hata Vanga na kuvuka mpaka hata Tanga na Rufiji, mambo yasiyohitaji fedha ya mtu yeyote. Wazee, fungueni baraza kwa wanawake na vijana, kwa sababu anayejua umbali wa kuni ni mwanamke anayezibeba, na atakayeishi na uamuzi wenu ni kijana, ambaye mkimwita siku ya kupanda na kumsahau siku ya kuamua atawapandia bila moyo. Semeni mipaka kwa majina yanayojulikana, mkono huu wa bahari hata mto ule, ili mtoto aweze kuionyesha kwa kidole. Mlio na dhamana ya fedha, someni hesabu kwa sauti mbele ya jamaa, iliyoingia na iliyotoka, wala msimwone adui yenu yule anayeuliza swali la pili. Walimu wa chuoni na wa skuli, watoeni watoto nje siku ya maji kupwa, wajue kutenga mkandaa na mchu, mlilana na mkomafi, kwani mtoto hawezi kuhurumia kitu asichokijua jina. Nanyi vijana, msidhani kulinda ni kazi ya uzee. Mwenye nguvu za kukata ndiye mwenye thawabu ya kujizuia.

Mche utakaochomekwa leo hautakuwa boriti kabla mtoto anayebebwa mgongoni hajawa mtu mzima mwenye kutaka nyumba, na yamkini aliyeuchomeka hatakuwapo kuona ukipimwa. Siku hiyo kijana huyo atakwenda msituni na shoka na idhini ya mji wake, atachagua mti mmoja ulionyooka kwa kadiri aliyopewa, na kama sisi tuliheshimu kadiri yetu, ataukuta umesimama miongoni mwa wenzake wengi, na chini yake, imechoma matope, miche ya watu asiowajua yeye.