Staa, meno umetuonyesha, mbona mfupa umeuficha?

Haya wadau, mmemuona? Yule mwanadada wa filamu (jina kapuni) kaweka picha anacheka hadi gego la mwisho, eti "meno mapya, wiki moja tu". Mashabiki kuanzia Mwanjelwa hadi Kihesa wanaomba namba ya daktari. Mimi nimekasirika.

Dada yangu wa Iringa aliamini picha kama hiyo. Aling'olewa magego mawili ya juu akiwa kidato cha pili, kaishi na pengo miaka 11. Kakusanya hela yake ya saluni, kapanda basi hadi Dar, kapigwa picha ya CT, kaambiwa hapa skrubu haiingii, mfupa umekwisha. Alirudi analia mpaka Ruaha Mbuyuni.

Hilo mastaa hawalisemi. Jino likitoka, mfupa uliolishika unaanza kunywea, na ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua karibu nusu. Taya la juu ndiyo balaa zaidi. Mfupa wa nyuma kule ni laini, na juu yake kuna sainasi, ule uwazi wa hewa pembeni ya pua, ambao nao unatanuka kushuka chini. Skrubu ishike wapi, hewani?

Inabidi mfupa ujengwe kwanza. Daktari anauinua utando wa sainasi taratibu, anajaza mfupa chini yake: wako mwenyewe kutoka kidevuni au nyongani, au wa ng'ombe uliosafishwa kiwandani (ndiyo, ng'ombe, msishangae). Halafu unasubiri, mara nyingi miezi 4 hadi 9. Skrubu ikiingia nayo inasubiri miezi yake. Unavuta sigara? Hatari ya kufeli inapanda. Sasa wiki moja inatoka wapi? Mara nyingi hayo ni maganda ya kubandika juu ya meno yako mwenyewe, siyo kupandikiza.

Na sisi wa Nyanda za Juu tuna letu: jino likiuma, "ng'oa tu yaishe". Uliza kwanza kama mzizi unatibika. Kama ni lazima litoke, uliza kama shimo linaweza kujazwa siku hiyohiyo, inapunguza kunywea. Dada yangu hakuna aliyemwambia.

Haya mrembo, tuwekee na picha ya ile miezi 9, shavu limevimba. Au ulibandika tu?